Neno Nililoliandika Chini ya Picha ya Bibi

Mimi ndiye niliyeliandika. Kwa mkono wangu huu, kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa, mchana kweupe, mbele ya wanafunzi tisa. Nianze hapo hapo, maana nikianzia mbali najijua: nitazunguka, nitajitetea, na kazi ya kujitetea nimeshaifanya mwaka mzima.

Jina langu msilitafute. Na msichana mwenyewe nitamwita Kabula, kwa sababu huku kwetu akina Kabula ni wengi na halitamfichua. Alishafichuliwa vya kutosha, maskini!

Nilikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha sanaa Tabora mjini. Wenzangu walifundisha kuchora, kuchonga na kufinyanga. Mimi nilifundisha falsafa na ujumi, lile somo la kuuliza uzuri ni nini, nani anaamua kwamba kitu ni kizuri, na kama msanii ana wajibu wowote kwa watu anaowachora. Falsafa niliisomea seminari, nikitaka upadri. Nikaacha kabla ya kufika mwisho. Upadri ulinitoka, lakini ile raha ya kusimama mbele ya watu wakanyamaza kunisikiliza, jamani, ile haikunitoka!

Somo langu hawakulipenda. Waliingia wakiwa na rangi kwenye kucha, wanasinzia. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, haya maneno yatanisaidia nini kuchora mkono wa mtu?" Darasa zima likacheka. Tangu siku ile nikawa natafuta kila namna ya kuwashtua, ili waone kwamba maneno nayo yana nguvu.

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuja kuwaonyesha.

Kabula alikuwa mwaka wa pili. Mrefu, mpole, akikaa daima benchi la pembeni. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na bibi yake kwenye kijiji kimoja upande wa Nzega, mbele ya Puge. Kila akitoka likizo alirudi na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa juani hadi vinakuwa vigumu kama kuni. Alitugawia hata sisi walimu. "Bibi amesema mle, mwalimu, mtafundisha vizuri."

Alikuwa na akili ya ajabu. Siku moja niliwapeleka kuona nyumba ya kale kandokando ya njia ya zamani ya misafara, ile ya kwenda Ujiji. Ina mlango wa mbao uliochongwa maua mpaka juu. Nikawauliza, "Tuseme nyuma ya mlango huu walifungiwa watu wa kwenda kuuzwa pwani. Je, bado ni mzuri?" Wakabishana weee. Kabula akangoja wamalize, akasema taratibu, "Inategemea, mwalimu, mtu unauangalia ukiwa upande gani."

Nilimsifu mbele ya wote. Lakini moyoni niliumia kidogo. Jibu lile mimi sikuwa nalo.

Karibu na mwisho wa muhula akaleta picha ya bibi yake. Uso tu, mkubwa, ameuchora kwa mkaa. Macho peke yake ndiyo aliyoyatia rangi, tena si rangi ya dukani. Alisaga udongo mwekundu wa kichuguu, akachanganya na gundi. Macho yale yalikuwa mekundu kabisa, yanatoa machozi, yanakutazama kila unaposogea. Nyuma ya karatasi aliandika kwa penseli: Bibi akipuliza moto.

Hapo ndipo picha ilipoeleweka. Bibi amepika miaka yote jikoni kwa mabua na samadi kavu, nyumba haina dirisha. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Ukilisoma jina unamwona mama mtu mzima anayekupikia.

Ukiliondoa jina, huoni moshi wala moto. Unabaki na macho.

Nami nikaliondoa!

Nilikuwa nafundisha jinsi jina la kazi linavyobadilisha jicho la mtazamaji. Nikaona picha ya Kabula ndiyo inafaa kuliko zote. Sikumwomba ruhusa. Nikawagawa wanafunzi makundi mawili. Kundi la kwanza likabaki ndani na picha, nikaweka kadi yenye jina lake la kweli. Wakaandika walichohisi: upendo, uchovu, huruma, nyumbani. Kabula alikuwemo, nikamwona anainamisha kichwa kwa aibu ya furaha.

Kisha nikachukua kadi nyingine. Nikaandika MCHAWI WA KWETU. Chini yake nikaacha kipande cha karatasi chenye jina la mchoraji, jina la Kabula, kama ilivyo desturi ya maonyesho.

Kabula akasimama. Ni mara ya kwanza kumwona amesimama bila kuitwa.

"Mwalimu, naomba usiandike hivyo."

"Ni zoezi tu, Kabula."

"Najua mwalimu, ila kule kwetu neno hilo halichezewi. Mama mtu mzima mwenye macho mekundu..." Akashindwa kumaliza. "Naomba uitoe, mwalimu. Au weka picha ya mtu mwingine."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa mkoa huu huu. Nimezaliwa hapa. Nilijua anachosema! Kila mtu huku anajua wamama watu wazima wangapi wameuawa kwa sababu ya macho yaliyoungua na moshi. Lakini wanafunzi tisa walikuwa wanangoja mlangoni, na darasa kwa mara ya kwanza lilikuwa macho, hakuna anayesinzia. Nikatabasamu lile tabasamu langu la kipumbavu.

"Hapa chuoni," nikamwambia, "neno ni neno tu. Sanaa haiogopi. Kaa chini."

Akakaa.

Kundi la pili likaingia. Wakashtuka. Mmoja akarudi nyuma hatua mbili. Wakaandika: hofu, kisasi, kifo, yule ameua mtu. Nikazisoma karatasi zote kwa sauti, za kundi hili na za lile, na chumba kikanyamaza kama kanisani. Nilihisi nimekuwa mwalimu kweli. Kabula alikuwa anafuta macho kwa kanga. Nikajisemea kwamba somo limemgusa.

Katika kundi la pili alikuwepo kijana mmoja aliyeipenda sana ile picha. Akaipiga picha kwa simu, pamoja na kadi, pamoja na jina la mchoraji, akaiweka stetasi. Hakuwa na nia mbaya, aliandika tu kwamba mwenzetu ni noma. Mtu wa kwao Kabula, huko Nzega, akaiona, akaichukua, akaitupa kwenye kundi la watu wa kijiji. Baada ya siku mbili ilikuwa kwenye kila simu ya kule. Sisi tulikuwa tunafunga chuo, wanafunzi wanapanda mabasi kwenda kwao.

Kule kijijini mambo yalikuwa mabaya kabla ya picha. Mvua ilichelewa. Jirani wa bibi alipoteza ng'ombe watatu kwa mfululizo, na mwanawe mdogo akawa anavimba miguu, hospitali hawaoni kitu. Maneno ya chini chini yalikuwepo. Yalikuwa yanakosa shahidi.

Picha ikawa shahidi. "Mjukuu wake mwenyewe, msomi wa chuo, ameandika!" Ndivyo walivyosema. Nani angebishana na hilo?

Vijana wa kijiji walimfuata bibi adhuhuri. Alikuwa anaanika viazi juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Walimpiga kwa fimbo za kuchungia, wakamvunja mkono na mbavu, nyumba wakaitia moto na vyakula vyote ndani. Asingepona hata saa ile kama si mama mmoja jirani, mwimbaji wa kwaya, aliyejitupa juu yake akawaambia wawaue wote wawili. Wakaondoka.

Kabula alinipigia simu siku iliyofuata. Sauti kavu.

"Mwalimu, shikamoo. Bibi amepigwa. Yuko hapa Tabora, hospitali. Wanasema mimi ndiye niliyesema."

Nilikwenda saa za kuona wagonjwa. Bibi alikuwa mdogo kitandani, mdogo kuliko ile picha. Macho ni yale yale, ila alikuwa ananitazama kwa upole. Kiswahili alikielewa kidogo, akizungumza kilugha, na Kabula ikambidi atafsiri.

Bibi akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Wabeja, mwalimu. Wabeja sana."

"Anakushukuru," Kabula akasema, bila kuniangalia. "Anasema asante kwa kunifundisha."

Bibi akaongea tena, anapumzika kila baada ya neno.

"Anasema picha hajaiona. Anauliza kama nimemchora vizuri."

Mungu wangu! Nilitamani sakafu ifunguke. Kabula sasa alikuwa ananitazama usoni, anangoja. Pale ndipo pa kusema. Mtu yeyote mwenye utu angesema pale.

"Mwambie ni nzuri sana," nikajibu. Nikaaga.

Siku ya pili mjomba wa Kabula akaja chuoni. Mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Tukakaa ofisini kwa mkuu wa chuo watu wanne: mkuu, mjomba, Kabula na mimi. Mkuu alitaka jambo lile liishe kabla halijafika mbali. Wanafunzi wengine hawakuwepo.

Mjomba hakupiga kelele. Alitoa simu, akaiweka mezani na ile picha. Akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, mimi sijasoma sana. Nataka kujua jambo moja. Neno hili nani ameliandika?"

Msichana akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi wowote usoni. Alikuwa na hakika kwamba nitasema! Hicho ndicho kinachonichoma hadi leo.

Nikasema, "Kwa kawaida, mzee, jina la kazi huandikwa na msanii mwenyewe."

Oneni ujanja wa shetani! Sentensi ile ni ya kweli. Iko kwenye vitabu. Miaka yote ya falsafa, nikaipata sentensi ya kweli ya kusemea uongo.

"Mwalimu!" Kabula akasema. "Mwalimu, si wewe..."

"Nyamaza!" mjomba akamkata. "Umemuua mama yangu nusu, sasa unataka kumsingizia na mwalimu wako?"

Mkuu akanitazama kidogo, kisha akaangalia karatasi zake. Sijui kama aliniamini. Aliandika tu kwamba mwanafunzi amesimamishwa kwa kuharibu jina la chuo. Mimi nikatoka mle nikaenda darasani, nikaichana ile kadi vipande vipande, nikavitia chooni.

Bibi aliishi wiki tatu akafariki. Waliomhudumia walisema mbavu ziliumiza mapafu.

Kwenye mazishi Kabula alizuiwa getini pa boma. Aliyenisimulia ni mtu wa kule kule, hakujua nami nahusika vipi. Alisema msichana alisimama nje ya ua wa minyaa tangu asubuhi mpaka watu wakatawanyika, hakuna aliyemwachia kutia hata konzi moja ya udongo. Mama zake wadogo walimpita wanafunika nyuso kwa kanga. Mtoto aliyelelewa na marehemu tangu hajaota meno!

Chuo kilipofunguliwa, mwanafunzi mmoja alinifuata nyuma ya ofisi. Alikuwa kundi la kwanza, alisikia kila kitu.

"Mwalimu, tumesikia Kabula amefukuzwa. Lakini lile neno si wewe uliyeliandika? Tulikuona."

Nikamwuliza, "Wewe una mtihani wa marudio kwangu, sivyo?"

Akasema, "Ndiyo mwalimu." Akaenda zake. Hakuuliza tena, wala wenzake hawakuuliza. Kosa la kwanza nililifanya kwa majivuno, naweza kujidanganya kwamba ni ajali. Hili je? Hili nililifanya nikiwa nimetulia, nimekunywa na chai.

Nikaendelea kufundisha. Uzuri ni nini. Wajibu wa msanii. Nilikuwa nasimama mbele yao, mdomo unasema, na wao walikuwa wananitazama. Hakuna aliyesinzia tena, ila halikuwa somo walilokuwa wanalitazama. Nikawa siwezi kula mezani na watoto wangu. Nikaacha kupokea ekaristi, mke wangu akadhani nina mwanamke wa nje. Mwisho alinibana nimwambie. Nikamwambia. Hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Na wewe ndiye unayewafundisha watoto wa watu?" Tangu hapo ananiongelesha mambo ya nyumbani tu: chumvi imekwisha, mtoto ana homa.

Niliulizia Kabula aliko. Nikaambiwa Goweko, kwa wakulima wa tumbaku. Nikaenda, picha yake nimeikunja kwenye gazeti.

Nilimkuta bandani amekaa chini na wanawake wenzake, wanachambua majani ya tumbaku yaliyokaushwa, haya daraja la juu, haya la chini. Vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Alinitambua mara moja. Akanyanyuka, akatoka nje, akaniamkia! Shikamoo, mwalimu. Sikuweza kuipokea.

Nikapiga magoti pale mavumbini. Nikasema yote, kwamba ni mimi, kwamba nilidanganya, kwamba niliogopa kupoteza kazi.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Unaniambia mimi ninachokijua," akasema. "Nilikuwepo, mwalimu. Nilikuwa darasani na nilikuwa ofisini. Umesafiri kuja kuniambia mimi ili upumue. Wasiojua wako kule kwetu."

Nikamwomba msamaha.

"Nenda kwanza kule."

Akachukua picha yake, akaifungua kidogo pembeni kuona kama haijachubuka. "Hii ni yangu," akasema, akarudi bandani kwenye majani. Hakuchora tena tangu aondoke chuoni. Hilo nililisikia kwa wenzake, yeye hakuniambia.

Niliahirisha wiki mbili. Niseme ukweli, niliahirisha! Kisha nikaenda. Mjomba aliita ndugu wote, wakakaa kwenye viti na mikeka, mama yule mwimbaji wa kwaya naye yupo. Nikasimama. Hakuna somo nililowahi kulifundisha kwa sentensi chache vile. Neno niliandika mimi. Mtoto alinikataza. Mliponiuliza, nilidanganya.

Nilitegemea wanipige. Nadhani nilitaka wanipige. Hakuna aliyeinuka. Mama mdogo mmoja wa Kabula alianza kulia kwa sauti ya chini, "Tumemfungia nje mtoto, tumemfungia nje," akirudia hilo tu.

Mjomba alingoja kilio kile kipungue. Kisha akaniambia, "Vijana wetu ndio walioshika fimbo. Hiyo si yako peke yako, ni yetu. Lakini yule mtoto ni wako. Yule ulimuua wewe, akiwa amekaa mbele yako kwenye kiti." Akatoa simu akampigia Kabula mbele yetu sote. Akamwomba radhi, mtu mzima yule, akamwambia arudi nyumbani aonyeshwe kaburi.

Tulisikia sauti yake. "Asante, mjomba." Basi. Simu ikakatika.

Mpaka leo hajaenda.

Niliporudi nilikwenda kwa mkuu wa chuo, nikaandika kila kitu na kutia sahihi. Nikaachishwa kazi siku ile. Polisi walichukua maelezo yangu, na vijana wawili wa kule wana kesi. Chuo kilimwandikia Kabula barua arudi masomoni. Hakuijibu. Mimi sasa nauza vifaa vya shule dukani kwa shemeji yangu, na kuna wazazi wanaonifahamu ambao wakiniona wanavuka barabara. Wana haki.

Sijasamehewa, na sijaandika haya ili mnionee huruma. Nawaandikia ninyi mnaoshika chaki, mnaopenda kusifiwa kwa akili. Uso wa mama wa mtu si kifaa cha kufundishia! Mwanafunzi akisimama akakwambia mwalimu usifanye hivyo, hata kama sauti inamtetemeka, hata kama wenzake wanakungoja uwachekeshe, weka kalamu chini umsikilize. Anajua kwao kuliko unavyojua vitabu vyako. Na ninyi wenye simu, picha ya mtu mzima usiyemjua usiirushe ukicheka, hujui inakwenda kutua kwenye uwanja wa nani.

Na ukishakosea, sema wakati bado unaulizwa. Mjomba aliniuliza mara moja tu, naye alikuwa tayari kuniamini.